Baiti Nane

Mtandao uliokatika kabisa haumsumbui fundi. Taa za ruta zimezimika, au panya ametafuna waya darini, au wachimba mtaro wamepitisha sururu kwenye fayaba. Chanzo kitajulikana kabla chai haijapoa. Kinachompima fundi ni mtandao unaofanya kazi nusu. WhatsApp inaingia, magazeti yanafunguka, barua pepe zinasomeka, lakini ukijaza fomu ya kodi na kubofya kitufe cha kutuma, inazunguka tu hadi ukurasa ukate tamaa.

Tatizo la namna hiyo lilimpeleka fundi mmoja ninayemfahamu kwenye ofisi ya muuza pembejeo mjini Nakuru, tarehe 20 ikibisha hodi, siku ya mwisho ya kuwasilisha hesabu za VAT kwa KRA. Mhasibu, mama wa makamo, alikuwa amepiga simu kila mahali na kila mahali akaambiwa kwao kuko sawa. Nao hawakumdanganya. Kila mmoja alikuwa amepima kipande chake na kukikuta kizima.

Napenda kumtazama fundi huyu anavyoanza, kwa sababu hagusi kompyuta. Anauliza. Lilianza lini? Linampata nani? Kipi kinapita na kipi kinakwama? Lilianza wiki ile walipofungiwa faiwoli mpya. Linawapata wote. Kusoma kunawezekana, kutuma kitu kikubwa, hata picha ya risiti, hakuwezekani.

Hapo wengi wangekimbilia kuizima faiwoli, na mama mwenyewe alishachoka kungoja. "Fundi, si ukizime tu hicho kidude?"

"Pengine fomu itaenda, mama. Lakini nitakuwa nimekuachia mlango wazi, na bado sitajua shida ilikuwa gani."

Ndipo akaketi. Kwanza anwani ya kompyuta. Ingeanza na 169.254, maana yake ingekuwa mashine imejipa namba yenyewe baada ya kukosa wa kuipa. Hii ilianza na 192.168, kwa hiyo ilikuwa imepokewa vizuri na mtandao wa ndani. Akaipigia ruta: ikajibu. Akaipigia seva ya nje kwa namba: ikajibu. Akaitafuta kwa jina: jina likapatikana. Akagonga mlango namba 443, unaopitisha kurasa zenye usiri: ukafunguka papo hapo. Hatua hizi kila mwanafunzi wa chuo huzikariri. Tofauti ya fundi ni kwamba haruki hata moja, na hakubali jibu ambalo hajalisikia mwenyewe.

Chombo chake kikuu ni kikongwe. Programu ya ping iliandikwa na Mmarekani Mike Muuss mnamo Desemba 1983, na kazi yake haijabadilika: kutuma paketi ndogo na kusubiri irudi. Anayeijua vizuri lakini husikiliza na namna ya kutojibiwa. Mashine iliyo hai ila haina huduma unayoitaka hukataa mara moja, waziwazi. Faiwoli mara nyingi haikatai; huitupa paketi yako bila neno, ukabaki unangoja. Zamani kungoja kulikuwa na kisingizio. Kabla ya kebo ya baharini ya TEAMS kuunganishwa Mombasa mwaka 2009, sehemu kubwa ya intaneti ya Kenya ilipitia setilaiti, na minara ya sahani ya Longonot, huku huku Bonde la Ufa, ilirusha mawimbi kwenye chombo kilichoning'inia kilomita 36,000 juu ya ikweta. Kwenda na kurudi kulikula zaidi ya nusu sekunde, hata kama kila kitu kilikuwa kizima. Kwa fayaba ya leo, sekunde 2 za kimya zina maana yake.

Kwa kuwa vidogo vilipita na vikubwa vikakwama, alianza kupima ukubwa. Paketi ya kawaida ya mtandao wa ofisi haizidi baiti 1500. Ondoa 28 za vichwa vyake, zinabaki 1472. Akaiamuru ping itume 1472 na isikubali kukatwa vipande njiani. Kimya. Akashuka hadi 1400: jibu. 1450: jibu. 1470: kimya. Akaendelea kubana, juu kidogo, chini kidogo, bila haraka, mpaka 1464 ikarudi na 1465 ikapotea. Akatabasamu. Tofauti ya 1472 na 1464 ni 8, na baiti 8 ndizo ambazo ruta ya mtoa huduma wa intaneti wa ofisi ile, inayounganishwa kwa mtindo wa PPPoE, huzichukua kwa ajili ya kichwa chake katika kila paketi. Njia ilikuwa nyembamba kwa baiti 8 kuliko kompyuta zilivyodhani.

Hilo peke yake si kosa. Mitandao mingi iko hivyo. Kosa alilinusa mahali pengine: ruta ikipokea paketi kubwa kuliko njia, inapaswa kumrudishia mtumaji ujumbe kwamba imezidi, apunguze. Ujumbe huo haukuonekana. Kulikuwa na kimya pale palipopaswa kuwa na karipio.

Akachomoa waya, akaunganisha kompyuta yake moja kwa moja kwenye ruta, faiwoli ikiwa kando. 1472 tena. Safari hii karipio likaja mara moja: paketi ni kubwa, ikatwe. Basi aliyemnyamazisha mjumbe ni faiwoli. Aliyeifunga alikuwa ameruhusu majibu ya ping na kuzuia ujumbe mwingine wote wa ICMP, jamii ya ujumbe ambamo karipio lile nalo limo, akiamini anaziba ufa. Ni kosa la mtu mwangalifu, na ndiyo maana ni gumu kulikamata: orodha ya sheria za faiwoli ilionekana nadhifu kabisa.

Tiba ilikuwa mistari 2. Mmoja ukaruhusu ujumbe ule wa "imezidi" upite. Wa pili ukaagiza kila mazungumzo yaanze kwa vipande visivyozidi baiti 1452, ili hata mjumbe akipotea mbali huko, kazi iende. Faiwoli ikabaki imewaka, na mambo mengine yote iliyokuwa ikizuia yakaendelea kuzuiwa. Fomu ya mama ikaenda.

Nilidhani amemaliza. Akapima tena kwa simu kupitia waifai, kwa kuwa waifai ya pale ilifuata sheria zake tofauti; akakuta nayo inahitaji mstari uleule, akauongeza. Kisha, kwenye nafasi ndogo ya maelezo kando ya kila sheria, ambayo mafundi wengi huiacha tupu, akaandika tarehe na maneno haya: "Usifute. Ukifuta, barua ndogo zitaenda na kubwa zitakwama, na utatafuta siku nzima."