Majibu ya Telefone na Akili ya Mwanafunzi

Mapadri na makatekista wanatuuliza: tufanye nini na vijana wetu, ambao kila wakipata hesabu ngumu hukimbilia telefone? Wengine wanataka tuwakataze kabisa. Wengine wanasema: waacheni, ndiyo elimu ya siku hizi. Sisi tunaona haifai kusifu wala kulaumu kitu kabla ya kukipima. Kwa hiyo tumetwaa misaada mitatu ambayo wanafunzi huitafuta katika intaneti juu ya hesabu na sayansi, tukaipima mmoja mmoja.

Kwanza tueleze jambo lililotufungua macho. Kijana mmoja wa humanite hapa Likasi alituonyesha kaye yake ya kimia. Ulizo lilikuwa hili: umeme wa ampere 10 ukipita saa moja katika maji yenye salfati ya shaba, utatoa gramu ngapi za shaba? Yeye aliandika gramu 23,7, kwa mwandiko mzuri, mistari yote imepangwa vema. Tulipomwuliza amelipata wapi jibu hilo, akasema: katika telefone. Lakini si jibu la kweli. Kila chembe ya shaba iliyomo katika maji yale inahitaji elektroni mbili ili igeuke shaba kavu; anayehesabu moja tu hupata mara mbili ya ile inayopasa. Jibu la kweli ni karibu gramu 11,8.

Kukosa si ajabu. Kilichotusikitisha ni neno lingine. Kijana huyu anakaa katika komini ya Shituru, pahali ambapo tangu mwaka 1929 kiwanda kimetoa shaba katika maji kwa nguvu ya umeme, kwa njia ileile ya ulizo lake. Baba yake mkubwa alifanya kazi humo. Hata hivi hakuna aliyemwambia kwamba ulizo la kaye na kazi ya kiwanda ni jambo moja.

Tupime kwa kipimo gani? Ndugu zetu wanaosoma filozofi wanakijua kitabu cha Platone kiitwacho Menone. Humo Sokrate anamwuliza mtumwa kijana: ukitaka mraba mwingine ulio mkubwa mara mbili ya huu, upande wake uwe namna gani? Kijana anajibu upesi: upande uwe mara mbili. Sokrate hamwambii jibu. Anamchorea, anamhesabisha, mpaka kijana mwenyewe anaona kwamba mraba umekuwa mkubwa mara nne. Hapo anatambua kwamba hakujua, na hapo ndipo anaanza kutafuta kweli. Basi kipimo chetu ndicho hiki: msaada mwema humwacha mwanafunzi aone kosa lake, kisha atembee njia kwa miguu yake mwenyewe.

Msaada wa kwanza ni Brainly, ulioanzishwa katika Polonia mwaka 2009, na kwa Kifaransa ulijulikana kwa jina la Nosdevoirs. Mwanafunzi hutoa ulizo, wanafunzi wengine humjibu na kupata alama. Tunausifu kwa sababu ni kazi ya kusaidiana. Lakini tazameni: anayefaidika zaidi ni yule anayejibu, kwani yeye ndiye aliyefikiri. Anayeuliza hupokea tu. Tena, kama angaliweza kutambua jibu jema na jibu baya, pengine asingaliuliza.

Msaada wa pili ni Photomath, uliotoka Kroatia na kutolewa mwaka 2014. Unapiga picha ya hesabu, chombo kinakuonyesha mistari yote mpaka mwisho. Kwa mwanafunzi aliyekwisha kujaribu na anatafuta mstari alipopotea, ni mwalimu asiyechoka. Kwa asiyejaribu, ni kunakili tu. Tena chombo hicho hutumikia hesabu unayokipa. Ukiandika 1 pahali pa 2, kitakutimizia kwa uaminifu hesabu ya uongo. Kijana wetu hakushindwa kugawa wala kuzidisha. Alishindwa kabla ya hesabu kuanza.

Msaada wa tatu ni Khan Academy. Mwaka 2004 Salman Khan, katika Marekani, alianza kumfundisha kwa telefone binamu yake Nadia, aliyesumbuliwa na kugeuza vipimo. Kutoka kazi hiyo ya jamaa yakatoka masomo ya bure kwa lugha nyingi, Kifaransa nacho kimo. Mwanafunzi husikiliza, hujaribu, akikosa hupewa msaada kidogo, kisha hujaribu tena. Kadiri ya kipimo chetu, huu ndio ulio bora. Lakini masomo ya picha hula mega nyingi. Kijana wa Kikula au wa Panda mwenye franka chache atachagua nini: somo la nusu saa, ama jibu la mstari mmoja? Tusimwite mvivu upesi. Mara nyingi umasikini ndio unaomsukuma kwenye jibu fupi.

Tangu mwisho wa mwaka 2022 kuna pia vyombo vinavyozungumza, kama ChatGPT. Hivyo hufuata roho ya mwenye kuuliza: anayeomba njia huonyeshwa njia, anayeomba jibu tupu hupewa jibu tupu. Na vikikosa, hukosa kwa maneno mazuri.

Sasa tujilaumu na sisi. Vijana wanakimbia nini? Mara nyingi wanakimbia kalasi iliyojaa, mwalimu anayeamuru waandike, kimia isiyo na chupa hata moja. Na mwishoni Mtihani wa Serikali unawangoja na majibu ya kuchagua, pahali ambapo njia haihesabiwi. Sisi tuliofundisha katekismu kwa maulizo na majibu tunawajua watoto wanaojibu bila kukosa neno. Ukigeuza ulizo kidogo, wananyamaza. Ugonjwa huu ulikuwako kabla ya telefone.

Kwa hiyo hatukatazi telefone. Tunataka sheria tatu. Mwanafunzi ajaribu kwanza, na kuandika pahali aliposhindwa. Kisha aulize “kwa nini”, asiulize “ngapi” peke yake. Na kesho yake amweleze mtu kwa Kiswahili, kaye imefungwa. Kwa kazi hii ya mwisho katekista hana lazima ya kujua kimia. Anahitaji tu kusikiliza vema na kusema bila haya: sijaelewa, rudia.

Ndivyo tulivyofanya na kijana wetu. Tulimrudishia kaye bila kusahihisha kitu, tukamwomba atueleze. Alipofika penye elektroni alisimama, akanyamaza muda mrefu. Siku ya tatu alirudi na gramu 11,8, na safari hii aliweza kueleza. Tena alileta ulizo lake mwenyewe: shaba ikiisha kutoka, ni nini kinachobaki katika maji yale? Ulizo hilo lilitufurahisha kuliko jibu. Tukamwambia aende kumwuliza baba yake mkubwa.