Louise Farrenc na Nusu Saa Niliyomnyima

Nilimfahamu Louise Farrenc kwa mshahara wake kabla ya muziki wake. Kisa chenyewe kinapendwa. Mpiga piano na mtunzi huyu Mfaransa aliteuliwa mwaka 1842 kuwa profesa wa piano katika Conservatoire ya Paris, akawa analipwa pungufu kuliko wenzake wanaume. Mwaka 1850, baada ya Noneti yake, kazi ya ala tisa, kupokewa kwa shangwe huku kijana Joseph Joachim akipiga fidla, alidai haki yake na akapewa malipo sawa. Nimekisimulia kisa hicho mara nyingi. Noneti yenyewe sikuwa nimeisikiliza.

Nilipoisikiliza, niliona aibu. Ala nne za nyuzi na tano za kupuliza zinaongea kama wazee wa barazani: hakuna anayekatizwa, wala anayepaza sauti ili asikike. Katika sehemu ya pili wimbo mmoja unarudi kila mara na sura mpya, na uongozi unapokezanwa kutoka ala hadi ala. Sehemu ya tatu inaanza na nyuzi zikidonolewa kwa vidole, kama mtu anayenyata usiku. Si muziki wa tufani. Anayetaka vishindo vya Berlioz, aliyeishi zama hizohizo, ataondoka na njaa. Nguvu ya Farrenc ni mizani.

Mwaka 1859 binti yake Victorine, naye mpiga piano, alifariki. Tangu hapo mama karibu aliacha kutunga. Alijitosa katika *Le Trésor des pianistes*, mkusanyo mkubwa wa muziki wa kinanda wa karne zilizotangulia, aliouanza na mumewe Aristide. Mume alipofariki mwaka 1865, aliendelea na kazi hiyo peke yake.

Ushindi wa 1850 tunausimulia kwa kuwa una mwisho mtamu. Kimya cha baada ya 1859 hakifai kuandikwa kwenye bango. Lakini bila kuisikia Noneti, utajuaje ni nini kilichonyamaza?

Sijutii kumsifu kwa alichodai. Najuta kwamba niliishia hapo. Noneti huchukua kama nusu saa tu, na mimi, mtetezi wake, nilimnyima nusu saa hiyo kwa miaka.