Mkalimani Anaponyamaza

Filamu nyingi za vita humweka mkalimani pembeni. Anafungua mlango wa gari, anatafsiri maneno mawili matatu kwenye kizuizi cha barabarani, kisha kamera inamrudia mgeni mwenye daftari. The Killing Fields, filamu ya mwaka 1984 iliyoongozwa na Roland Joffé, inaanza kwa desturi hiyohiyo. Inamfuata mwandishi wa Marekani, hasira zake na kiburi chake, na nyuma yake yupo mwenyeji wake anayehangaika huku na huku. Ila kadiri vita vinavyosogea, unaanza kuona kwamba huyu wa nyuma ndiye anayeifanya kazi. Ikifika katikati, mgeni anapanda lori kwenda zake, na filamu inabaki na mwenyeji.

Kisa ni cha kweli. Sydney Schanberg aliripoti vita vya Kambodia kwa gazeti la The New York Times, na kuanzia mwaka 1972 alifanya kazi bega kwa bega na Dith Pran, mzaliwa wa Siem Reap, mji ulio jirani na mahekalu ya Angkor. Pran alipata Kifaransa shuleni, Kiingereza akajifundisha mwenyewe. Aliwahi kuwa mkalimani wa wanajeshi wa Marekani, akawahi pia kupokea wageni hotelini, na sidhani kama kuna chuo kingemwandaa vizuri kuliko hivyo. Kujua lugha mbili hakutoshi. Lazima ujue askari yupi wa kizuizini anataka sigara na yupi anataka kuamkiwa kwa heshima, nani ana boti na nani ana petroli. Lazima ujue pia swali lipi la bosi wako usilifikishe kama alivyolisema, maana ukilifikisha hivyo mtazikwa wote wawili. Waandishi wanaoingia Goma au Mogadishu wanamfahamu mtu wa namna hii. Wenye kazi hiyo huku kwetu huitwa fiksa. Habari ikichapishwa, jina la juu huwa la mgeni.

Agosti 1973 ndege ya Marekani aina ya B-52 iliumwagia mabomu mji wa Neak Luong kwa makosa, mji uliokuwa mikononi mwa serikali ya Lon Nol, ambayo Marekani yenyewe ilikuwa ikiilinda. Watu zaidi ya 100 walikufa. Wakubwa hawakutaka waandishi wafike huko. Katika filamu jambo hili halichukui muda mrefu: Sydney anafoka, Pran anahangaika, usafiri wa majini unapatikana. Napenda kwamba Joffé hampigii Pran makofi hapo. Kazi ya namna hii ikifanywa vizuri haionekani, na mwongozaji ameiacha isionekane, mpaka siku inapokuwa suala la kufa na kupona.

Siku hiyo ilikuwa 17 Aprili 1975. Khmer Rouge, waasi wa kikomunisti waliokuwa wakipigana na serikali ya Lon Nol, waliingia Phnom Penh, mji mkuu, na papo hapo wakaanza kuwatoa watu wote mjini, kama milioni 2, hata wagonjwa wakisukumwa barabarani juu ya vitanda vyao vya hospitali. Schanberg, Mwingereza Jon Swain na mpigapicha Al Rockoff walikamatwa wakitoka hospitalini walikokwenda kuhesabu majeruhi. Vijana wenye bunduki wakawasukumiza ndani ya gari la deraya. Pran hawakumtaka; walimwambia aende zake. Hakwenda. Alisimama palepale akibishana nao, na wenzake waliokuwa wakisikiliza bila kuelewa walidhani anaomba asiingizwe. Kumbe alikuwa anabembeleza aingizwe. Alijua kwamba wageni wale wakiondoka bila mtu wa kuwasemea, hawatarudi.

Tukio linalofuata nimelitazama mara nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote ya filamu hii. Sydney na wenzake wamechuchumaa wakisubiri, na mbele yao kuna watu wanaouawa. Pran yuko kwa wale vijana. Anazungumza Kikhmer, na hakuna maandishi yoyote chini ya picha. Ukitaka kujua kama utaishi, inabidi umwangalie. Viganja vimekutana kifuani kwa namna Wakambodia wanavyowaamkia wakubwa, na hao anaowaamkia ni watoto wa kumzaa. Sauti haipandi. Huyu akimpa mgongo, anamgeukia yule; yule akimkemea, anainama kidogo, anangoja, anaanza upya. Jasho linamtiririka lakini uso unajitahidi kuwa mkunjufu. Anawaeleza kwamba hawa ni Wafaransa, wamekuja kuuandikia ulimwengu habari za ushindi. Kwa saa kadhaa maisha ya watu wale yalining'inia kwenye ulimi wake, kisha wakaachiwa.

Mwongozaji mwoga angetuwekea tafsiri, nasi tungesoma sentensi badala ya kusoma uso. Kwa kutunyima maneno, Joffé anatuweka palepale alipokuwa Schanberg miaka yote mitatu: mtu mwenye kalamu, mwenye gazeti kubwa nyuma yake, asiyejua kinachosemwa mbele ya pua yake. Sijui filamu nyingine iliyoeleza thamani ya mkalimani kwa kumwondoa tu kwa dakika chache kwenye masikio yetu.

Baadaye wageni walikusanyika katika ubalozi wa Ufaransa, na watawala wapya wakataka Wakambodia wote waliojificha humo watolewe. Wenzake wakajaribu kumtengenezea Pran pasipoti kwa kughushi ile ya pili aliyokuwa nayo Swain. Filamu inalikuza jambo hili. Rockoff anaunganisha dawa za kusafishia picha, sura ya Pran inajitokeza kwenye karatasi, wote wanafurahi, kisha picha inafifia ikiwa imeshabandikwa. Historia haikuwa na kioja hicho. Ilionekana tu kwamba ule ughushi hautapita. Rockoff wa kweli hakupendezwa na namna alivyoigizwa, na ana haki yake. Hata hivyo, ndani ya filamu uongo huu una kazi. Mtu aliyewatoa wenzake mdomoni mwa bunduki kwa maneno matupu, wenzake wanashindwa kumtoa yeye licha ya ujuzi wao wote. Pran anachukua begi lake na kutoka nje ya geti.

Kuanzia hapo kila kilichokuwa mtaji wake kinageuka ushahidi dhidi yake. Kujua Kifaransa, kuvaa miwani, kuwa na viganja laini: kimoja tu kilitosha kukupeleka shimoni. Pran alivaa nguo za mkulima na kusema yeye ni dereva wa teksi asiyejua lolote. Aliyeishi kwa kusema sasa anaishi kwa kunyamaza. Mashambani anachimba, anabeba udongo, anasikiliza hotuba. Darasani mtoto anakwenda ubaoni, palipochorwa baba, mama na mwana wameshikana mikono, na kufuta pale mikono inapokutana. Pran anatazama bila kupepesa. Usiku, njaa ikimzidi, anamkata ng'ombe shingoni na kunyonya damu, anakamatwa, anapigwa nusu ya kufa. Pran wa kweli alinusurika kipigo kama hicho kwa sababu ya punje za mpunga alizokwapua. Kiingereza chake tunakisikia kichwani mwake tu, akizungumza na Sydney aliye mbali.

Kisha anaingia Phat, mkuu wa kambi, mtu mwenye elimu yake, anayemshuku. Anamchokoza kwa lugha za kigeni, taratibu, akiangalia jicho litacheza wapi. Hapa ufundi wa mkalimani umepinduliwa ndani nje. Kila neno analielewa, na kazi yake ni kuhakikisha hakuna msuli wa uso unaokiri kwamba ameelewa. Jaribu siku moja kusikia jina lako likiitwa na usigeuke.

Aliyeigiza haya hakuwa mwigizaji. Haing S. Ngor alikuwa daktari wa akina mama huko Phnom Penh, na chini ya Khmer Rouge naye alitupa miwani na kudai ni dereva wa teksi. Aliteswa zaidi ya mara moja bila kukiri. Mke wake, Huoy, alikufa katika uchungu wa kuzaa. Upasuaji ungeweza kumwokoa na mume alikuwa na ujuzi huo, lakini hapakuwa na vifaa, na kujitambulisha kuwa daktari kulikuwa ni kujihukumu kifo, yeye na mkewe. Alipofika Los Angeles, watafutaji wa waigizaji walimkuta harusini. Watu husema alishinda Oscar bila kusomea uigizaji. Mimi naona alikuwa ameigiza kwa karibu miaka minne mbele ya watazamaji ambao wangemuua kwa kosa moja. Hollywood ilikuwa jukwaa lake la pili. Ndiyo maana katika matukio ya Phat hafanyi chochote cha ziada. Mwigizaji wa kusomea angetuonyesha kidogo kwamba anaficha. Ngor haonyeshi kitu, kwa kuwa aliyeonyesha kitu hakurudi kusimulia. Februari 1996 aliuawa na wahuni huko Los Angeles, nje ya nyumba yake.

Filamu ilipata Oscar nyingine mbili, moja ya upigaji picha wa Chris Menges na moja ya uhariri wa Jim Clark, na zote zilistahili. Muziki wa Mike Oldfield una sehemu unapiga kelele pasipo haja. Na mwishoni, Pran na Sydney wanapokumbatiana katika kambi ya wakimbizi, unawekwa wimbo wa John Lennon, Imagine, ambao kwangu ni sukari iliyotiwa kwenye chai iliyokwisha kolea. Kuna pia lawama ya zamani kwamba Wakambodia kati ya milioni 1.5 na milioni 2 walikufa, nasi tunaombwa tumhurumie Mmarekani mwenye majuto. Lawama hiyo ina uzito katika zile sehemu za New York, ambako Sydney anazunguka chumbani akiangalia televisheni na kujilaumu. Ningezipunguza nusu. Lakini kila tunaporudishwa mashambani, lawama inakosa nguvu.

Schanberg alipokea Tuzo ya Pulitzer mwaka 1976 na kusema anaipokea kwa niaba yake na ya Pran, wakati huo hakuna aliyejua kama Pran yu hai. Wavietnam waliingia Phnom Penh Januari 1979 na utawala wa Khmer Rouge ukaanguka. Tarehe 3 Oktoba mwaka huo Pran alivuka kwa miguu hadi Thailand, na Schanberg akapanda ndege kumfuata. Januari 1980 habari ndefu ya Schanberg kumhusu ikatoka, na ndiyo iliyozaa filamu. Mwaka huohuo gazeti lilimwajiri Pran, si kama mkalimani tena bali kama mpigapicha, na alipokuwa hayuko na kamera alizunguka mashuleni na vyuoni akisimulia mauaji yale kwa Kiingereza alichojifundisha. Alipofariki Machi 2008, akiwa na umri wa miaka 65, The New York Times lilikuwa limechapisha picha zake kwa zaidi ya robo karne, jina lake likiwa limeandikwa chini yazo.