Mfasiri Afundishwaye kwa Mbali

Yako mafunzo siku hizi ambayo mtu aweza kuyafuata akiwa nyumbani kwake Handeni au Korogwe, asimwone mwalimu wake uso kwa uso. Hupokea mazoezi kwa intaneti, huyafasiri, huyarudisha, kisha huletewa masahihisho. Mwisho wake ni mtihani wa kazi ya kufasiri. Kwa mfano, Stashahada ya Chartered Institute of Linguists, chama cha Uingereza, ina karatasi tatu: moja ya mambo ya jumla, na mbili za mambo yatakayo ujuzi zaidi, kama sheria, biashara au sayansi. Twapenda kuyapima mafunzo ya namna hii, tuyasifu yanapostahili sifa, na kuyalaumu yanapostahili lawama.

Sifa zitangulie. Mwalimu wa Korogwe hawezi kuliacha darasa lake miaka miwili aende mjini kusoma. Kwa ajili ya watu kama huyu, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, wala hakuna awezaye kusema kwamba kusoma kwa mbali ni kusoma kwa mchezo. Tena, kufasiri ni kazi ya kalamu: mwanafunzi huliona kosa lake limeandikwa, akalirudia hata likamtoka.

Lakini upo upungufu mmoja, nao si mdogo. Shahidi asema barazani, "Alimpiga, akakimbia." Kiswahili kimetosheka. Kiingereza hakitosheki mpaka kijue kama aliyepiga ni mwanamume au mwanamke. Hali kadhalika Kiingereza kina neno moja tu kwa ndugu mume wa baba na ndugu mume wa mama, nasi tuna baba mkubwa, baba mdogo, na mjomba. Katika shauri la urithi, kumwita mjomba baba mdogo ni kumpa mtu haki ya mwingine.

Mfasiri aliye barazani huuliza. Mwanafunzi aliye peke yake na karatasi hana wa kumwuliza; basi hukisia, akaandika sentensi nzuri, na msahihishaji aliye mbali humsifu kwa uzuri wake. Hivyo hujizoeza kukisia kwa ufasaha. Labda msomaji atasema kwamba hata katika mtihani hakuna wa kuulizwa. Ni kweli, na kwa sababu hiyo hiyo yafaa mafunzo yamzoeze kuandika pembeni, "Hapa maneno hayaonyeshi ni nani." Zoezi lisilompa nafasi ya kuungama shaka yake limemfundisha nusu ya kazi.

Wazee wetu katika kazi hii hawakufasiri peke yao. Askofu Edward Steere, aliyekufa mwaka 1882, alisaidiwa na wenyeji wa Zanzibar. Kasisi Karl Roehl, aliyepata kukaa Usambara, alisaidiwa na Waafrika katika Biblia yake iliyotoka mwaka 1937. Wawili hawa walihitilafiana sana katika kuchagua maneno, maana Roehl aliyaepuka mengi yenye asili ya Kiarabu. Lakini kila mmoja alikuwa na masikio ya watu karibu naye.

Jambo hili lina uzito leo kuliko zamani. Mwaka 2021 sheria ya Tanzania ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na sheria nyingi zilikuwa zimeandikwa kwa Kiingereza. Kosa la mfasiri halimwangukii msahihishaji. Humwangukia mjane wa Handeni aliyekuja kuulizia shamba la marehemu mumewe.

Kwa hiyo hatusemi mafunzo haya yaachwe, bali yaongezewe. Wanafunzi wawili au watatu wa Handeni na Korogwe na wakutane kila mwezi, wasome kazi zao kwa sauti mbele ya mzee asiyejua Kiingereza, kisha wamwombe aeleze kwa Kizigua au Kishambaa alichosikia. Panapopotea maana katika maelezo yake, hapo kalamu irudi. Gharama yake ni nauli ya basi na chumba cha shule saa za jioni. Chumba hicho walimu na makasisi wasomao kurasa hizi wanacho, nasi twawasihi wakifungue.