Njoo, Lete, Nenda

Jaribu kulitia katika Kiswahili jina la riwaya ya Jenny Erpenbeck, Gehen, ging, gegangen. Ni maneno matatu tu, tena ya kitenzi kimoja: kwenda. Kila aliyewahi kukaa kwenye darasa la Kijerumani ameyaimba. Kitenzi hiki ni miongoni mwa vile vikaidi vinavyobadilisha shina kila wakati unapobadilika, na dawa yake ni kukariri, matatu matatu, kama tulivyokariri jedwali la kuzidisha. Susan Bernofsky, aliyeitafsiri riwaya hiyo kwa Kiingereza mwaka 2017, alikuwa na bahati. Kiingereza nacho kina utatu wake. Akaandika Go, Went, Gone, kazi ikaisha.

Sisi hatuna bahati hiyo. "Kwenda", sawa. La pili je? Ukiliona "ging" kwenye orodha ya darasani, hakuna mtu ndani yake. Ni mwendo uliopita, basi. Kiswahili hakikubali. Lazima iwe nilikwenda, au alikwenda, au walikwenda. Kiambishi cha nafsi kimekaa mlangoni na hupiti bila kujitambulisha. (Najua wapo watakaonitajia "kulikwendwa". Waacheni wajaribu kuuza riwaya yenye jina hilo.)

Nimeishi na jina hili kwa miezi kadhaa, kwa sababu sehemu ya tasnifu yangu ya umahiri ni kutafsiri sura chache za riwaya hii moja kwa moja kutoka Kijerumani. Nimefika mahali pa kuamini kwamba swali ambalo sarufi yetu inamuuliza mfasiri kabla hajafungua ukurasa wa kwanza, yaani nani?, ndilo swali ambalo kitabu kizima kinalihangaikia. Kuna mahali kinalijibu vizuri kuliko riwaya yoyote ya Ulaya niliyosoma kuhusu Waafrika. Kuna mahali kinalikwepa.

Kwanza kisa chenyewe. Richard ni profesa mstaafu wa fasihi za Kigiriki na Kilatini, mgane, hana mtoto. Ameishi sehemu kubwa ya maisha yake katika Ujerumani Mashariki, nchi iliyofutika kwenye ramani yeye akiwa bado yuko Berlin ileile. Nyumba yake iko kando ya ziwa. Kiangazi hicho mtu amezama humo na mwili wake haujaonekana, kwa hiyo hakuna anayeogelea. Siku moja Richard anapita Alexanderplatz, ambako wanaume kumi Waafrika wamegoma kula na wamekataa kusema wao ni nani. Anapita karibu nao wala hawaoni. Jioni anawaona kwenye televisheni, akiwa mezani anakula.

Nyuma ya riwaya kuna jambo lililotokea kweli. Oktoba 2012 waomba hifadhi waliotembea kwa miguu kutoka Würzburg hadi Berlin walipiga kambi katika uwanja wa Oranienplatz, mtaa wa Kreuzberg. Kambi hiyo ilivunjwa Aprili 2014. Wanaume wa Erpenbeck ni wa kundi lililopitia Libya: wametoka Ghana, Nigeria, Niger, walikuwa wakifanya kazi Libya hadi vita vya 2011, wakasukumwa baharini, wakafikia Italia. Kwa kanuni za Ulaya zinazoitwa Dublin, nchi ya kwanza uliyokanyaga ndiyo inayoshughulikia ombi lako. Italia inawapa karatasi lakini haina kazi. Ujerumani ina kazi lakini haiwapi karatasi.

Kitabu kilitoka 2015, mwaka ambao habari zote za Ujerumani zilikuwa za wakimbizi, kikaingia orodha fupi ya tuzo kubwa ya riwaya nchini humo. Kikasomwa kama gazeti. Erpenbeck aliposhinda International Booker mwaka 2024 kwa riwaya yake nyingine, Kairos, pamoja na mfasiri wake Michael Hofmann, wasomaji wengi walirudi nyuma kukitafuta hiki. Katika mapitio niliyoyasoma, neno linalojirudia ni huruma: kitabu chenye huruma, mwandishi mwenye huruma, msomaji anayetoka na huruma zaidi ya aliyoingia nayo. Kwangu sifa hiyo haisaidii kitu. Huruma inaeleza hali ya msomaji akiwa kwenye kochi lake. Haielezi sentensi zimefanya nini.

Sentensi za Erpenbeck zinafanya mambo mawili yanayovutana.

La kwanza ni kutaja. Richard hashiki majina ya wageni wake, kwa hiyo anawapachika ya kwake, kutoka vitabu alivyofundisha maisha yake yote. Kijana Mtuareg kutoka Niger anakuwa Apollo. Awad, aliyezaliwa Ghana na ambaye mama yake alifariki akimzaa, anakuwa Tristan, kwa sababu Tristan wa ngano za zama za kati naye alimpoteza mama hivyo hivyo. Rashid, mtu wa mwili mkubwa, anapewa hadhi ya mungu wa radi. Wahakiki wa Ulaya wanalipenda jambo hili: profesa anawapandisha wakimbizi hadi kwenye mlima wa miungu. Mimi nililipita kwa Kiingereza bila kusita, nikakwama nalo kwenye Kiswahili. Msomaji wangu hana mlima huo kichwani. Kwake "Apollo" ni jina la mtu, pengine jirani yake kanisani. Utukufu unadondoka njiani, na kinachobaki ni kitendo kitupu: mwenyeji ameona jina la mgeni ni gumu, akampa jingine.

Sisemi kupachika majina ni dhambi ya Wazungu. Watu wa pwani na bara hapa nao waliwapachika Wajerumani majina, na la Carl Peters, Mkono wa Damu, limedumu kuliko sanamu zake. Tofauti ni kwamba jina lile lilitokana na alichofanya. Majina ya Richard yanatokana na alichosoma Richard.

Je, Erpenbeck analijua hili? Nadhani kwa kiasi kikubwa. Anamfanya Richard aone haya kwamba hajui miji mikuu ya nchi walizotoka watu hawa. Anamrudisha kwa Herodotus, na huko profesa anagundua kwamba miungu aliyodhani ni ya Wagiriki ina nyayo hadi Afrika Kaskazini. Anamweka mbele ya habari za kampuni ya Ufaransa, Areva, iliyokuwa ikichimba urani kwenye ardhi ya kina Apollo. Kuna pia wakili anayesoma Tacitus na kukumbusha kwamba Wajerumani wa kale, kwa mujibu wa Mrumi huyo, waliona ni uovu kumfukuza mgeni mlangoni. Ni mzaha wenye meno. Hata hivyo majina ya kupachika yanaendelea ukurasa baada ya ukurasa, muda mrefu baada ya Richard kuyajua majina halisi, na hapo ndipo ninaposema kitabu kinakwepa. Kimeizoea sauti ya profesa wake kuliko kinavyokiri.

La pili ni kusikiliza, na hapa vita vyangu na kitabu vinaisha. Richard anaingia katika jengo la wazee walimohifadhiwa akiwa na orodha ya maswali, kama mtafiti yeyote wa shahada ya umahiri (najua orodha hizo). Ulikulia wapi? Mlikuwa mnalala wapi? Mlikula nini? Ni maswali madogo kwa makusudi. Majibu yanapokuja, maelezo ya msimulizi yanapungua, na "mimi" inashika usukani. Awad anasimulia jinsi baba yake alivyouawa Libya. Rashid anasimulia mashua, na watoto wake wawili waliozama. Hakuna mungu hata mmoja katika kurasa hizo. Nilipozitafsiri, viambishi vilikaa vyenyewe: nilimshika, aliniponyoka, tulipinduka. Sikulazimika kuamua chochote. Kurasa hizo nilizimaliza kwa wiki moja. Jina la kitabu limenishinda mpaka leo.

Kisha kuna darasa la Kijerumani, linalofundishwa na mwanamke kijana Mwethiopia, ambamo wanaume hawa wanakariri kitenzi cha kwenda. Wazungumzaji wa Kijerumani wanaona kejeli mara moja: watu wasiofanya lolote ila kuhamishwa wanajifunza kunyambua kuhama. Nikatafuta ukaidi kama huo kwenye kitenzi chetu. Upo, ila hauko kwenye wakati uliopita. Uko kwenye amri. Kwa kanuni ungesema "enda!", lakini tunasema "nenda!". Na vitenzi vinavyovunja kanuni ya amri katika Kiswahili ni vichache sana, vile ambavyo kila mwalimu wa wageni huviandika ubaoni pamoja: njoo, lete, nenda.

Sijui kama umewahi kuvitazama vikiwa vitatu hivyo peke yake. Mimi sikuwahi, hadi Erpenbeck aliponilazimisha. Ni mazungumzo mazima kati ya anayeagiza na anayeagizwa. Wajerumani walitawala Tanganyika kwa Kiswahili. Waliacha "shule" na "hela" katika lugha yetu, na wao wakajifunza ya kutosha kuamrisha. Katika Afterlives ya Abdulrazak Gurnah, Hamza, askari wa jeshi la Wajerumani, anafundishwa Kijerumani na afisa wake anayetamani siku moja amsikie akimsoma Schiller. Soma kitabu hicho sambamba na hiki. Katika kimoja Mjerumani anamfundisha Mwafrika lugha yake kambini, bila kuulizwa. Katika kingine, miaka mia moja baadaye, Mwafrika anaomba kufundishwa lugha ileile na anaambiwa asubiri barua.

Na kina Rashid wameambiwa yote matatu. Libya iliwaambia njooni, ikawaambia leteni nguvu zenu. Berlin imebaki na la mwisho. Nilimwandikia msimamizi wangu kwamba nataka jina la Kiswahili liwe hivyo. Akajibu kwamba ni jina zuri la kitabu kingine, kwa sababu Erpenbeck ameandika orodha ya sarufi na mimi ninaandika shtaka. Bado tunabishana. Kwenye rasimu, jina liko kwa Kijerumani.

Sura ya mwisho imegawa wasomaji. Serikali imeacha kuwahifadhi wanaume hawa, na Richard na marafiki zake wamewachukua. Wanalala sebuleni, hata kando ya piano. Siku ya kuzaliwa ya Richard wamekusanyika bustanini. Safari hii maswali yanatoka kwao: wanamuuliza kuhusu mke wake. Naye anatoa jambo la kuona haya la ujana wao, mimba aliyomtaka mkewe aitoe. Wapo wanaolalamika kwamba hadithi ya Waafrika imeishia kwenye kidonda cha Mzungu. Malalamiko hayo nayaelewa, ila yanapita juu ya jambo dogo: baada ya mamia ya kurasa, orodha ya maswali imebadilisha mikono. Wao ndio wanaouliza, na profesa ndiye anayetafuta neno.

Ningependa zaidi kuisoma sura hiyo ikisimuliwa na mmoja wa waliokuwa bustanini jioni ile, anayemsikiliza mzee wa watu akieleza mambo yake kwa lugha ambayo msikilizaji ameianza juzi, huku akijiuliza kesho atalala wapi. Erpenbeck hakuiandika. Ziwa liko hatua chache kutoka pale, na aliyezama bado hajaibuka.