Kusoma Swichi kwa Nyuma

MGB, gari dogo la michezo lililoundwa Abingdon, Uingereza, kuanzia mwaka 1962 hadi 1980, aghalabu humfikia mmiliki wake wa leo likiwa limekwisha kupita mikononi mwa watu kadhaa, ambao kila mmoja huenda aliongeza kitu katika dashibodi bila kuacha maelezo. Ndiyo maana si ajabu kukuta kando ya spidomita swichi ya kijiti, yaani ile inayopinduliwa kwa ncha ya kidole, isiyo na maandishi wala alama yoyote. Wengi huipindua waone kitakachotokea. Fundi waya aliyebobea hujizuia, kwa kuwa swichi hiyo yaweza kuwa ya kukata umeme wa pampu ya petroli, iliyowekwa na mtu wa zamani ili kumbabaisha mwizi, na kuipindua gari likiwa barabarani ni kulizima katikati ya safari.

Badala yake, hulala chali chini ya usukani, kichwa kikiwa penye pedali, akaisoma swichi kwa nyuma, ambako lugha ni rangi. Katika magari ya Uingereza ya wakati huo, waya wa kahawia hutoka kwenye betri na huwa na umeme hata ufunguo ukiwa mfukoni. Mweupe hupata umeme ufunguo unapowashwa. Wa kijani hubeba umeme huohuo wa ufunguo baada ya kupita kwenye fyuzi, kile kiwaya kinachowekwa kiungue ili vingine visalimike. Nao mweusi hurudi kwenye bodi. Miaka hamsini ya vumbi na joto hufanya kahawia na zambarau zifanane, hivyo fundi hubandua utepe kidogo, maana ganda la waya lililofunikwa huhifadhi rangi yake ya kwanza.

Waya wa manjano unaoshuka kuelekea giaboksi ndio unaodai maarifa zaidi. Huo ni wa ovadraivu, gia ya ziada inayopunguza mizunguko ya injini kwa karibu moja ya tano bila kupunguza mwendo, na ambayo huamshwa na solenoidi, yaani koili inayogeuka sumaku ipitiwapo na umeme. Asiyejua atawasha ufunguo, atapindua swichi, hatasikia kitu, naye atatangaza kuwa imekufa. Kumbe katika magari ya miaka ya 1960 umeme huo huruhusiwa kupita gia ikiwa ya tatu au ya nne tu, kwa sababu kurudi nyuma ovadraivu ikiwa imeshika kwaweza kuiharibu. Fundi huwasha ufunguo bila kuwasha injini, huingiza gia ya nne, akapindua, na chini ya sakafu husikika mlio mmoja mfupi wa chuma, ko!

Upo pia waya usiomo katika utaratibu huo wa rangi, pengine wa nyumbani, mnene kuliko inavyohitajika, uliosokotwa kwa mkono. Huo haukisiwi, hufuatwa kwa vidole hatua kwa hatua chini ya zulia, na mara nyingine huishia kwenye ncha iliyokatwa na kuviringishwa utepe, pasipo taa wala feni. Hapo fundi huandika maneno mawili, “haiendi popote”, kwenye kipande cha karatasi, akakifunga nyuma ya swichi kwa ajili ya fundi atakayelala hapo baadaye.