Sindano Kwanza: Kuchagua Mashine ya Santuri kwa Pesa Kidogo

Muuzaji wa mashine za santuri za mtumba huwa na jaribio lake moja. Anachomeka waya, taa inawaka, sahani inaanza kuzunguka, naye anakugeukia: "Unaona, kaka, inazunguka." Kuzunguka peke yake si kitu. Hata feni inazunguka. Ukitaka kujua kama mashine hiyo itaitendea haki santuri yako, mwombe akuonyeshe sindano, kisha upige wimbo wa mwisho wa LP. Wa kwanza uache.

Sababu ni hesabu ndogo. LP huzunguka mara 33 na theluthi moja kwa dakika, tangu mwanzo hadi mwisho, ilhali mzunguko wa nje ni mrefu kuliko wa ndani. Pembezoni, karibu nusu mita ya mfuo hupita chini ya sindano kila sekunde. Karibu na lebo zinabaki sentimita 21 hivi. Sauti za sekunde moja zimebanwa katika nafasi isiyofika nusu ya ile ya mwanzo. Sindano iliyochakaa au iliyofungwa upande inaweza kujificha nyimbo tatu nzima, lakini huku ndani haina pa kujificha. Sikiliza herufi "s" na "sh", ambazo waimbaji wa Kiswahili hawawezi kuzikwepa. Zikitoka na mchakacho, basi ama sindano imekwisha, ama mkono haukupangwa sawa, ama santuri yenyewe ilishakwanguliwa na sindano ya mtu mwingine. Ndiyo maana mjuzi haendi dukani mikono mitupu. Hubeba santuri yake anayoijua, ili likitokea kosa ajue ni la nani.

Kwenye mfumo wa bei nafuu, pesa mpya ziende pale mashine inapogusana na santuri. Amplifaya inaweza kuwa na umri wa miaka 40 na ikafanya kazi vizuri. Spika vivyo hivyo, zikikaguliwa. Sindano hapana. Sindano ya mtumba ni sawa na mswaki wa mtumba: hata ikionekana safi, hujui imepita wapi. Ncha ni kipande cha almasi kidogo mno, na uchakavu wake hauonekani bila hadubini. Kioo cha fundi saa kitakuonyesha kama kijiti chake kimepinda au kimeegemea upande mmoja, lakini hakitakuambia imebakiwa na saa ngapi. Kwa hiyo unaponunua mashine iliyotumika, ihesabu kana kwamba haina sindano kabisa, na kabla hujakubaliana bei hakikisha sindano ya kichwa chake, kile kipande cha mwisho wa mkono kinachoishika, bado inatengenezwa. Mashine nzuri ambayo sindano yake haipatikani tena ni pambo la sebuleni.

Hapa umbo la ncha lina uzito kuliko jina lililoandikwa kwenye boksi. Ncha ya mviringo ni ya bei ndogo, inavumilia santuri zilizochoka, lakini haifiki ndani ya mikunjo midogo ya mfuo. Ncha ya duaradufu hufika, na tofauti yake ndiyo ile utakayoisikia kwenye wimbo wa mwisho. Audio-Technica wana familia ya vichwa vya VM95 ambayo naipendekeza kwa mtu mwenye bajeti ndogo, kwa kuwa mwili ni mmoja na sindano zinabadilishana. Unaanza na ya mviringo, mwakani ukipata pesa unachomoa na kupachika ya duaradufu bila kugusa skrubu hata moja. Almasi ya aina hizi hutumika saa mia kadhaa, kisha hubadilishwa. Ukipiga saa moja kila jioni, ipe mwaka mmoja au kidogo zaidi.

Kisha uliza uzito. Kichwa kizuri cha kawaida huibonyeza santuri kwa gramu 2 hivi, na vile vya bei ya chini kabisa vinavyokubalika huenda gramu 3 na nusu. Vile vimashine vya mkobani vyenye spika ndani, vinavyopendeza sana kwenye picha, vingi hubonyeza kwa gramu 5 au zaidi, na hakuna pa kupunguzia. Juu ya hayo, spika iliyo sentimita chache kutoka kwenye sindano huitikisa, na mtikisiko unarudi kwenye sauti. Sivipendi, na simfichi anayeniuliza. Kama pesa zinatosha mkoba tu, subiri miezi michache. Mashine ya kuanzia kama AT-LP60X haina urembo mwingi, lakini haili santuri.

Baada ya sindano, kasi. Sikio la binadamu ni jepesi kusamehe ukosefu wa besi, lakini halisamehi noti inayoyumba. Chagua wimbo wenye sauti ndefu isiyokatika. Fidla ya taarabu inafaa, akodiani pia, na piano ni hakimu mkali kuliko zote kwa sababu noti yake haina mtetemo wa asili. Noti ikipanda na kushuka kama imelewa, angalia kwanza mkanda wa mpira unaozungusha sahani. Mikanda hulegea kwa umri na kwa joto la pwani, na mpya hauna gharama kubwa. Mashine ambazo mota yake iko moja kwa moja chini ya sahani hazina mkanda wa kulegea. Technics SL-1200, iliyotoka mwaka 1972, ni ya aina hiyo, na ndiyo sababu ma-DJ waliikumbatia, ingawa bei yake ya mtumba leo iko nje ya makala haya.

Kasi inaweza pia kuwa thabiti na bado ikawa ya uongo. Chapa karatasi ya duara yenye mistari 180 iliyopangwa sawasawa, iweke juu ya sahani na uimulike kwa taa ya zamani ya tyubu. Umeme wetu ni wa hezi 50, taa hiyo hupepesa mara 100 kwa sekunde, na kwa 33 na theluthi mistari itaonekana imesimama. Ikitambaa kuelekea upande sahani inakozungukia, mashine inakimbia. Ikirudi nyuma, inachelewa. Balbu nyingi za LED hazifai kwa jaribio hili. Ukikosa tyubu, zipo programu za simu zinazofanya kazi hiyo.

Jaribio hilo hukamata kosa moja kubwa la soko la mitumba. Mashine ya zamani iliyotengenezwa kwa ajili ya Marekani, kama mota yake hufuata mpigo wa umeme, ilipangiwa hezi 60. Ukiileta Dar es Salaam au Mombasa na kuipa transfoma ya kushusha umeme kutoka volti 240 hadi 110, itawaka vizuri na itazunguka taratibu, sehemu 5 kati ya 6 za kasi inayotakiwa. Wimbo unashuka nusutoni tatu, na mwimbaji wa kike anapata sauti ya mwanamume. Transfoma hubadilisha volti, mpigo unabaki uleule. Za Japani huhitaji volti 100, lakini kwa upande wa mpigo zina nafuu, maana nusu ya nchi yao hutumia hezi 50 na nusu nyingine 60, hivyo watengenezaji wao walilazimika kufikiria pande zote mbili.

Ukiwa bado dukani, zima umeme, shika sahani na uitikise taratibu. Isicheze. Ufanye mkono vivyo hivyo kwenye egemeo lake: uende juu, chini na pembeni bila kukwama, usilegee. Halafu piga tena, ongeza sauti kwenye kimya kilicho kati ya wimbo na wimbo, na usikilize kama kuna ngurumo ya chini. Ngurumo hiyo mara nyingi ni ya ekseli au mota, na mara nyingine mafuta kidogo huiponya. Kama haiponi, iache hapo hapo.

Kuhusu amplifaya wengi huuliza wati. Kwa sebule ya kawaida wati 20 au 30 za kweli kila upande zinatosha kuwakera majirani, kwa hiyo swali lihamie nyuma ya mashine: je, pana tundu lililoandikwa PHONO? Wakati wa kuchonga santuri besi hupunguzwa na sauti za juu huongezwa, ili mifuo isigongane na mikwaruzo isisikike, na tangu katikati ya miaka ya 1950 viwanda vilikubaliana juu ya kipimo kimoja cha kufanya hivyo. Tundu la PHONO hurudisha sauti mahali pake na kukuza ishara dhaifu ya sindano, ambayo ni milivolti chache tu. Ukichomeka mashine isiyo na kikuzaji cha kazi hiyo ndani yake kwenye AUX, utasikia sauti nyembamba, ya mbali. Ukichomeka mashine iliyo nacho ndani yake kwenye PHONO, utasikia kelele iliyopasuka. Watu wamerudisha dukani mashine nzima kwa kosa la tundu tu.

Amplifaya za miaka ya 1970 na 1980 karibu zote zina tundu hilo, pamoja na skrubu ya waya wa ardhi. Zungusha kila kitufe: kikikoroma, fundi wa redio atakipulizia dawa ya kusafishia na kitatulia. Upande mmoja ukikatika na kurudi, bei ishuke. Mvumo wa hezi 50 ukijaa chumbani, usikate tamaa kabla hujafunga waya wa ardhi na kusogeza kichwa cha sindano mbali na transfoma.

Spika za mtumba hukaguliwa kwa vidole. Ondoa kitambaa cha mbele, tazama ukingo unaoshika koni. Ukiwa wa sponji, uguse: kwenye unyevu wa pwani sponji hugeuka unga wa kunata, na spika inaanza kupiga kelele za plastiki. Ukingo wa mpira hudumu zaidi. Sponji mpya zinaweza kubandikwa na fundi mwenye subira, lakini hesabu gharama hiyo kwenye bei. Sukuma koni kwa vidole vinne vilivyosambazwa, kidogo tu, irudi kimya. Ikikwaruza, koili imeungua au imepinda, na hapo hapana cha kujadili.

Nyumbani, piga santuri ya mono. Single nyingi za Nairobi za miaka ya 1960 zilirekodiwa hivyo, na ni chombo bora cha kupangia spika. Sauti ya mwimbaji inatakiwa isimame katikati, mahali pasipo na spika yoyote. Ikiwa imetawanyika na besi imetoweka, umechanganya nyekundu na nyeusi kwenye spika moja. Zitenganishe spika kadiri unavyokaa mbali nazo, twita zikiwa usawa wa masikio, na uzitoe ukutani kidogo. Sakafu zetu za saruji zinafaa sana kwa mashine ya santuri kwa sababu hazitikisiki mtu akipita, ila vigae na kuta tupu hurudisha mwangwi. Mkeka mkubwa na mapazia mazito ni nyongeza ya bei ndogo inayosikika kuliko waya wowote wa kifahari. Spika zisikae meza moja na mashine.

Kipimo changu cha mwisho ni gitaa la pili. Tafuta "Sina Makosa" ya Les Wanyika, bendi iliyoundwa Nairobi mwaka 1978. Mfumo wowote, hata wa teksi, utakupa solo na besi ya Tom Malanga. Sasa jaribu kulifuata gitaa la kati la Omari Shabani tangu mwanzo, chini ya sauti za waimbaji, bila kulipoteza. Mfumo ulio sawa hukuruhusu kulishika na kutembea nalo, hata ukiwa na sauti ya chini. Ulio mbovu hulifanya liwe ukungu, na mwenye nao huongeza besi kujifariji. Usinunue kitu chochote kwa ajili ya besi kabla hujaweza kulisikia gitaa hilo.

Single nyingi za zama hizo, zikiwemo za bendi za Tanzania zilizochapwa Nairobi, zilikata wimbo mrefu katikati, sehemu ya kwanza upande huu na ya pili upande wa pili. Huzunguka mara 45 kwa dakika, kwa hiyo karibu na lebo zina nafuu kidogo kuliko LP. Baadhi zina tundu kubwa la milimita 38, na zinahitaji kipachiko cha katikati. Kikae sawasawa, vinginevyo santuri itayumba na utailaumu mashine bure.

Santuri za 78 ni jambo jingine. Mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad alipovuka bahari kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa ajili ya kampuni ya HMV, mifuo ilichongwa kwa upana mara kadhaa ya ule wa LP. Sindano ya kawaida huanguka hadi chini ya mfuo huo na kukokota uchafu. Unahitaji ncha yake maalumu, na mashine yenye kasi ya 78, jambo ambalo nyingi za bei nafuu hazina. Familia ya VM95 niliyoitaja inayo sindano ya kazi hiyo. Gramafoni ya babu yenye sindano ya chuma iache ipumzike, maana inakula santuri kila ipigwapo. Na unapozisafisha tumia maji yaliyochujwa kwa mvuke na kitambaa laini, uzikaushe mara moja, usiloweshe lebo. Spiriti, ambayo mafundi wengi hukimbilia, huyeyusha lakri ambayo santuri hizo zimetengenezwa nayo.